Moja Moja

Stockholm, Januari. Saa tisa alasiri na jua limeshafunga duka.
Ghorofa ya chini kabisa, katika chumba cha taa za manjano,
Tuva Kuoksu amevaa ovaroli jeupe hadi kwenye nyusi,
amebana pumzi,
kwa sababu pumzi, humu, ni dhoruba.

Chini ya hadubini umelala uzi.
Usiufananishe na unywele: unywele ungekuwa gogo kando yake.
Tumboni mwa uzi mna nukta,
na nukta ikichokozwa na leza hutema fotoni:
moja,
ikapumzika,
moja.

Silikoni ni jiwe lenye adabu. Lichongee mfereji,
litapitisha mwanga kona kwa kona, lisimwage hata tone.
Ila kuwaka halijui.
Na fuwele inayojua kuwaka haijui njia,
hutapanya nuru yake huku na huku kama debe lililotoboka.
Ukizikuza pamoja hupasuka; hatua za atomi zao hazilingani.
Basi kazi ni kuhamisha:
kuung'oa uzi kule ulikozaliwa kwa ncha ya sindano,
kuubeba, kuulaza juu ya mfereji,
na kuomba usigeuke.

Nyuzi kumi na tisa zimegeuka.
Wa ishirini uliirukia sindano ukaing'ang'ania kama kupe,
na Tuva akatukana kwa lugha ya bibi yake.

Baba yake yuko Kiruna. Evald, tarishi mstaafu.
Mgodi umekula ardhi chini ya mji, kwa hiyo mji unahama.
Aliitazama nyumba yao ya mbao ikinyanyuliwa nzima nzima,
pazia la jikoni likiwa bado dirishani,
ikapandishwa lori, ikaondoka kwa mwendo wa konokono.
"Walipoitua," alisema kwenye simu, "mlango wa choo ukagoma kufunga.
Milimita mbili tu!"
Tuva alicheka mpaka akakaa chini.
Kwake yeye milimita mbili ni mkoa mzima.

Usiku huu uzi wa ishirini na mmoja umelala.
Umenyooka. Hakuna makofi; glavu hazilii.
Ambjörn anaishusha chipu ndani ya pipa la heliamu,
kwenye baridi ambayo hata Kiruna haijawahi kuiota.

Sasa thibitisha kwamba ni moja.
Kitendawili!
Tega.
Nyumba yangu ina milango miwili, mgeni wangu mmoja,
hajapata kutokea kote kwa pamoja.
Kioo cha nusu kwa nusu, kigunduzi kushoto, kigunduzi kulia.
Taa ya kawaida huvibisha vyote kwa mpigo mmoja.
Hii, kimoja kikilia, kingine kimya.
Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa;
hawakukitafuta hicho kimoja kwa miaka minne.

Saa kumi alfajiri, kwenye skrini:
nguzo, nguzo, nguzo,
kisha pale kwenye sifuri, pengo,
kama la jino lililong'olewa. Si safi kabisa.
Kishina kimebaki, asilimia tatu.
Ambjörn analitazama, anavua miwani, anaifuta, anaivaa, analitazama tena.

Tuva anapiga simu. Giza la kaskazini huwanyima wazee usingizi.
"Taa yako imewaka?"
"Imewaka, baba. Moja moja."
"Utaweza kuisomea gazeti?"
"Hapana. Ni ya kupelekea barua.
Mtu akiifungua njiani, itajulikana."

Kimya.
Miaka thelathini na minane alibeba bahasha za watu
bila kuinua hata moja kwenye mwanga.

"Basi hiyo kazi naijua," anasema.
Halafu, baada ya kukohoa:
"Na mlango? Unafunga?"
"Karibu," anajibu Tuva.
"Kaupepo kidogo kanapita chini."